Nguzo 12 au nguzo 8? Mafundi wawili, orodha mbili, na maneno yasiyoeleweka

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Nina kiwanja kidogo pembeni ya barabara, Muheza mkoani Tanga. Nataka kujenga banda la wazi la mgahawa, mita 6 kwa 9, la nguzo, bila kuta. Fundi wa kwanza ni mzee wa hapa kijijini. Orodha yake: nguzo 12 (nne ziwe ndefu), miamba 3, makombamoyo korija 2, pau korija 7, na makuti. Fundi wa pili ametoka mjini: nguzo 8 zenye dawa, wolpleti 2 kwa 4, kenchi 7, papi, fishabodi na bati geji 30. Maneno mengine siyajui kabisa na naona aibu kuuliza. Naona mzee ameniongezea nguzo nne bure. Nimefikiria nimpe mzee kazi maana ni nafuu, nizitoe zile nne za katikati kwa sababu zitabana meza, halafu juu niweke bati badala ya makuti. Fundi wa mjini naye anasema nguzo zikizungushiwa zege hazitaoza maisha. Ni kweli? Na nani kati yao ananidanganya?"

JIBU

Marahaba, dada yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujanunua mti hata mmoja, na aibu ya kutojua maneno ya mafundi iweke kando kabisa. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nikienda wilaya nyingine namwuliza fundi, "hapa kwenu huu mti mnauitaje?"

Kwenye hesabu ya nguzo hakuna anayekudanganya. Mzee yuko sawa na 12 zake, wa mjini yuko sawa na 8 zake, kwa sababu kila mmoja ana banda lake kichwani na mabanda hayo mawili hayafanani. Kinachonitia hofu ni mpango wako mwenyewe wa kuchukua banda la mzee na kung'oa zile nne. Banda hilo likipata upepo wa maana, watu wakiwa mezani, sitaki hata kulifikiria. Lakini ili uone kwa nini, lazima kwanza tuyafungue hayo maneno.

Maneno ya miti ya kujengea yana ukoo mbili, na wanunuzi wengi hupotelea hapo. Ukoo wa kwanza ni wa sokoni, unaotaja unene. Wauzaji wa miti ya mikoko tangu zamani, Lamu mpaka Rufiji, wanaipanga hivi kutoka mwembamba kwenda mnene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Fito ni kama kidole gumba au zaidi kidogo. Boriti inakaribia sentimita 11 hadi 14 kwenye shina. Nguzo inazidi hapo. Na huuzwa kwa korija, yaani miti 20. Kwa hiyo mzee aliposema pau korija 7 alimaanisha miti 140, na makombamoyo korija 2 ni miti 40. Ukoo wa pili ni wa kazi: mti umekaa wapi kwenye nyumba na unabeba nini. Hapo nguzo ni mti wowote uliosimama na kubeba, uwe mkoko, mkaratusi au zege. Boriti ni mti mnene uliolazwa kubeba dari au sakafu ya juu. Ukienda sokoni ukasema "nipe nguzo 12", muuzaji anasikia unene. Ukimwambia fundi "nguzo 12", anasikia kazi. Hao wawili wanaweza kukuelewa tofauti na pesa ikapotea bila mtu kuwa na nia mbaya. Kila unapoagiza, taja kazi, unene na urefu, vyote vitatu.

Sasa chukua maneno ya kazi, tuyafuate kwa njia ambayo uzito wa paa unashuka nayo mpaka ardhini. Ukiishika njia hiyo huhitaji kukariri kitu.

Juu kabisa kuna kuti au bati. Linakaa juu ya pau, ile miti myembamba inayolala kwa urefu wa banda. Humo ndimo lilimotoka neno kupaua. Kwa fundi wa mjini pau zinaitwa papi, na zinakuwa mbao zilizopasuliwa. Kazi ni ileile, idadi ndiyo inayotofautiana sana. Makuti yanataka pau zilizokaribiana, kama shibiri moja kutoka pau hadi pau, ndiyo maana mzee kataja 140. Bati linajibeba lenyewe kidogo, kwa hiyo papi zinaweza kuachana karibu sentimita 90. Pau zinalala juu ya makombamoyo, miti inayoshuka kutoka kileleni mpaka kwenye mchirizi, mmoja upande huu na mwenzake upande ule. Mjini kombamoyo ni rafta, na fishabodi ni ubao unaopigiliwa kwenye ncha zake ukingoni mwa paa. Makombamoyo nayo yanakalia mwamba, na hili ndilo neno la kuuliza mara mbili, kwa sababu mwamba una mahali pawili. Kuna mwamba wa pembeni, uliolazwa juu ya vichwa vya nguzo za kando, huo ndio wolpleti ya mjini. Na kuna mwamba wa mgongoni, uliolala kileleni kabisa, pale pande mbili za paa zinapokutana. Miamba 3 ya mzee ni miwili ya kando na mmoja wa mgongoni. Chini ya mwamba kuna nguzo, chini ya nguzo kuna kitako chake, na chini ya kitako kuna ardhi ya Muheza.

Neno moja halimo kwenye orodha ya mzee, nalo ndilo muhimu kuliko yote kwa swali lako: mtambaapanya. Ni mti unaokata banda kwa upana, kutoka mwamba wa kando huu hadi ule wa upande wa pili. Jina limetokana na panya anayepita juu yake usiku kutoka ukuta hadi ukuta. Mjini wanauita tai bimu, ndio mti wa chini wa kenchi.

Fanya jaribio hili leo jioni. Chukua daftari, lifungue katikati, ulisimamishe mezani kama paa, mgongo juu. Sasa bonyeza mgongo kwa kidole. Unaona miguu inavyoteleza kwenda nje na daftari linalala? Makombamoyo yanafanya hivyohivyo. Uzito wa paa unayasukuma miguu kwenda nje, na vichwa vya nguzo za kando vinasukumwa pamoja nayo, mwaka kwa mwaka, mpaka banda lichanue kama mwavuli uliogeuzwa na upepo.

Kuna namna mbili za kuzuia. Ya kwanza, simamisha penseli chini ya mgongo wa daftari. Kilele kikishikiliwa kisishuke, miguu haina sababu kubwa ya kuteleza. Hiyo ndiyo kazi ya zile nguzo nne ndefu za mzee: zinaushika mwamba wa mgongoni. Ya pili, funga uzi kutoka mguu huu hadi ule. Ukibonyeza sasa, uzi unakaza na daftari linasimama. Uzi huo ni mtambaapanya, na kenchi ya fundi wa mjini ni daftari lililofungwa uzi tayari: makombamoyo mawili, mtambaapanya chini, na miti ya kati ya kukazia. Yeye hahitaji nguzo za katikati kwa sababu ana uzi. Mzee hahitaji mtambaapanya kwa sababu ana penseli. Wewe ulitaka kuondoa penseli bila kuweka uzi.

Usimwone mzee kuwa wa kizamani. Mikoko minyoofu mirefu haipatikani kirahisi, na mti wa mviringo ukiuachia nafasi kubwa katikati unajipinda. Angalia nyumba za mawe za Lamu na Unguja: vyumba virefu, vyembamba, upana hauzidi sana mita 3, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Tajiri alikuwa na pesa ya kupamba ukuta wote kwa nakshi, ila chumba cha upana wa mita 6 hakukipata. Mzee wako amerithi hesabu hiyo: banda la mita 6 analigawa mara mbili, tatu na tatu, ndipo miti yake inafika bila kulegea.

Hapa nikupe habari njema ambayo nadhani hakuna aliyekuonyesha. Chora banda lako kwenye karatasi. Urefu wa mita 9, nguzo kila mita 3, unapata nguzo nne kila upande, jumla nane. Zile nne ndefu zinafuata mistari hiyohiyo katikati. Lakini mbili kati yake ziko kwenye vichwa vya banda, mbele na nyuma, hazigusi meza yoyote. Zinazobaki ndani ni mbili tu. Na kila upande wake una njia ya mita 3, meza ya watu wanne inaenea na mhudumu anapita. Kabla hujalipia kenchi saba ili kuepuka nguzo mbili, chomeka vijiti viwili uwanjani, panga viti vya jirani, uone kama kweli zinabana.

Kuhusu bati. Ukibadili makuti kwenda bati, umebadili banda zima. Kuti linataka paa kali, karibu nusu ya pembemraba, yaani nyuzi 45, maji yatiririke haraka kabla hayajapenya. Kwa mkao huo, na upana wa mita 6, kilele kinapanda mita 3 juu ya miamba ya kando, na nguzo zako ndefu, ukihesabu na sehemu ya kufukia, zinakaribia mita 7. Bati linaridhika na mteremko wa chini zaidi. Kwa nyuzi 20 hivi kilele kinapanda mita moja na kidogo tu, na nguzo ndefu zinashuka mpaka karibu mita 5. Mti wa mita 5 ulionyooka unapatikana. Wa mita 7 utautafuta. Pau nazo zinapungua kutoka korija 7 mpaka mistari kumi na mbili hivi ya papi. Kwa hiyo usichukue orodha ya makuti ukaezekea bati. Mwambie mzee mapema, aihesabu upya, na itapungua.

Ila bati lina adui ambaye kuti halimwogopi sana. Mita moja ya mraba ya bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati) haifiki kilo 4. Ni jepesi, na banda lako halina kuta. Kusi ikivuma inaingia chini ya paa na kulisukuma juu, wakati huohuo ile inayopita juu ya bati inalivuta. Watu wengi wanadhani nguzo kazi yake ni kuzuia paa lisianguke. Kwenye banda la wazi la bati, siku ya upepo, nguzo inazuia paa lisiruke. Njia ile ya uzito tuliyoifuata kutoka juu kwenda chini, upepo unaifuata kutoka chini kwenda juu, na unatafuta kiungo kimoja kilicho dhaifu. Msumari uliopigwa wima kupitia mwamba mpaka kwenye kichwa cha nguzo unachomoka ulivyoingia. Dai mkanda wa chuma au bolti kila mahali mwamba unapokutana na nguzo, na kila kombamoyo au kenchi inapokutana na mwamba. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bati lililopatikana kwenye shamba la jirani.

Kwenye orodha ya fundi wa mjini kuna kitu kimoja ambacho kingenifanya nimwite pembeni: wolpleti 2 kwa 4, yaani mbao ya inchi 2 kwa inchi 4. Kwenye nyumba ya tofali mbao hiyo inatosha kabisa, kwa sababu imelala juu ya ukuta mwanzo hadi mwisho na ukuta ndio unaobeba. Jina lilizaliwa huko, na mazoea yakahamia kwenye mabanda. Kwako hakuna ukuta. Ana nguzo kila mita 3 na kenchi kila mita moja na nusu, maana yake kati ya kila nguzo mbili kuna kenchi inayokaa katikati ya hewa, juu ya mbao hiyo peke yake. Hapo wolpleti imegeuka kuwa boriti, na inabidi iwe na unene wa boriti: 2 kwa 6 mbili zilizobanwa pande mbili za nguzo na kupitishiwa bolti, kwa mfano. Ukimuuliza kwa heshima, "fundi, kenchi hii ya kati inabebwa na nini?", fundi mzuri ataelewa mara moja na kurekebisha. Na kwa mafundi wote wawili, mwamba au wolpleti ikiungwa, kiungo kikae juu ya kichwa cha nguzo, kamwe kisiwe katikati.

Tuje kwenye zege. Hapana, dada yangu, zege halizuii nguzo kuoza. Mti unaozeshwa na kuvu, na kuvu wanataka unyevu na hewa kwa pamoja. Juu ya ardhi kuna hewa lakini mti unakauka; chini sana kuna unyevu lakini hewa haba. Kwenye usawa wa ardhi, na kama futi moja chini yake, vyote viwili vipo, na mchwa wapo. Niliwahi kuitwa kuangalia banda ambalo mwenyewe alilisifia kwamba nguzo zake zimejengewa zege. Nje zilikuwa nzuri, zimepakwa rangi. Nilifukua kidogo pembeni, nikachomeka bisibisi vidole viwili chini ya usawa wa udongo, ikazama mpaka kwenye mpini kama inaingia kwenye mkate. Mti ulisinyaa ulipokauka, ukaachana na zege kwa upenyo mwembamba, na kila mvua maji yalishuka humo na kukaa kama kwenye kikombe.

Hii haimaanishi usitumie zege. Zege linafanya mambo mawili ambayo udongo mtupu hauyafanyi vizuri: chini ya nguzo linatandaza uzito ili nguzo isizame, na likiizunguka linaongeza uzito wa kupambana na upepo unaoivuta juu. Likitumika, lipande juu ya udongo vidole vinne na literemke kwenda nje, maji yasisimame shingoni mwa nguzo. Na chini liwe kitako tu, si bakuli la kushika maji.

Kinachozuia kuoza ni dawa iliyosukumwa ndani ya mti kwa presha kiwandani, ile inayoacha rangi ya kijani na yenye shaba, kromu na aseniki. Dawa hiyo huingia vizuri kwenye nyama changa ya nje ya mti, na haiingii kwenye moyo wake. Kwa hiyo nguzo ya mviringo ni bora hapa kuliko mbao ya mraba, kwa kuwa nyama ile inauzunguka moyo wote kama gamba. Kwa sababu hiyohiyo usimruhusu mtu aichonge nguzo ubavuni au aikate kitako. Ikizidi urefu, ikatwe kichwani, na kidonda kipakwe dawa. Kupaka oili chafu kunabaki juujuu na kunachafua udongo. Kuchoma kitako kwa moto kunasaidia kidogo tu, mti ukipasuka mchwa wanaingia kwenye ufa. Na tafadhali, kwa kuwa wewe ni mtu wa jikoni: vipande vya nguzo zenye dawa visiingie kwenye jiko hata siku moja. Aseniki inabaki kwenye moshi na majivu. Vipande hivyo vifukiwe mbali na kisima, na wanaokata wavae kitambaa puani.

Kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia: nguzo isifukiwe kabisa, isimame juu ya kitako cha zege kilichopanda kutoka ardhini, imeshikwa kwa kiatu cha chuma chenye bolti. Haitaoza kwa urahisi na ukitaka kuibadilisha unafungua bolti. Lakini nguzo iliyofukiwa mita moja inasimama yenyewe kama mti shambani. Iliyo juu ya kiatu haina mizizi, na banda linaweza kuyumba lote kwa pamoja likalala. Ukichagua hii lazima kuwe na miti ya mshazari, bresi, kwenye kila kona, kutoka nguzo hadi mwamba, kutengeneza pembetatu. Mraba unasukumika ukawa mshazari. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka kitu kivunjike.

Ungekuwa binti yangu ningekushauri hivi: banda la mzee, nguzo zake 12, lakini nguzo hizo ziwe za mkaratusi zenye dawa, paa lishushwe mteremko, bati na papi badala ya makuti na pau, mashimo ya mita moja hadi moja na robo yenye kitako cha zege chini, udongo na kokoto vikishindiliwa kidogokidogo, na mikanda ya chuma kwenye viungo. Ongeza bresi kwenye kona nne hata kama nguzo zimefukiwa. Ukiona nguzo mbili za ndani haziwezekani kwa biashara yako, basi nenda kwa wa mjini, kenchi zake saba ni jibu halali, mradi wolpleti inenepe. Makombamoyo yakiwa ya mikoko, uliza kibali cha mti huo kabla ya kulipa. Mikoko inalindwa na sheria, na anayekamatwa na mzigo ndiye anayeulizwa.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi na lazima mtu aje uwanjani. Ukichimba shimo la kwanza ukakuta maji, au mchanga unaomomonyoka, au ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, simamisha kazi. Ukibadili mawazo ukataka upana wa zaidi ya mita 6, au tangi la maji juu, au ghorofa ya kukaa wateja, usimtegemee fundi peke yake. Kwa kuwa ni mahali pa watu wengi, utapita halmashauri kwa kibali cha ujenzi hata hivyo. Ukiwa pale mwombe mhandisi wa ujenzi aangalie mchoro wako wa nguzo, na mwulize hasa kuhusu upepo.

Kabla ya hapo, ita mafundi wote wawili siku moja, uwape karatasi moja, kila mmoja achore upande wa kichwa cha banda lake na kuonyesha kwa kidole uzito unapita wapi kutoka bati mpaka ardhini. Muulize mzee penseli yake iko wapi, na wa mjini uzi wake uko wapi. Na nguzo zile nne, mpaka uzi uwepo, ziache.